Gari halipandi mlima: tafuta ugonjwa kabla ya kununua spea

Gari linalokimbia vizuri mjini halafu likagoma kwenye mlima wa Kitonga au Sekenke, mara nyingi limekuwa bovu siku nyingi; tambarare ndiyo iliyokuwa ikilisitiri. Chukua Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. Likipakia watu wanne na mizigo linafika kilo 1,400 hivi. Ili liende kilomita 60 kwa saa kwenye lami tambarare linahitaji kama kilowati 5 tu. Lipeleke kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani barabara inayopanda mita 8 kila mita 100, kwa mwendo uleule: unaongeza kilowati 18 juu ya zile 5. Injini hiyo ikiwa mpya inatoa kilowati 80 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Kwa hiyo iliyopoteza hata nusu ya nguvu zake itakupeleka kazini na kukurudisha kila siku, na hutajua lolote mpaka siku ya safari.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha. Gari linapelekwa gereji, linawashwa, fundi anasikiliza silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa, anasema pampu nzima, plagi nzima, labda sensa. Silensa haisemi kitu. Injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa inachoma chini ya lita moja ya petroli kwa saa. Ikisukumwa mwisho inataka kama lita 30 kwa saa. Pampu iliyochoka ikabaki na uwezo wa lita 10 itafaulu mtihani wa silensa bila wasiwasi. Vivyo hivyo koili za plagi, masega (katalitiki ya kusafisha moshi kwenye ekzosi), na sensa ya hewa. Vipimo vingi utakavyosoma hapa chini vina maana vikifanywa injini ikiwa imebebeshwa kazi.

Hakikisha kwanza kwamba kuna ugonjwa

Hewa hupungua uzito unavyopanda juu, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Iringa mjini ni mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, Mbeya na Nairobi ni kati ya 1,650 na 1,800, na Timboroa nchini Kenya inapita 2,600. Gari lililozoea Dar es Salaam au Mombasa litapungukiwa nguvu kiasi cha moja ya sita likifika Mbeya hata kama halina kasoro yoyote. Hilo halina fundi.

Jambo la pili ni gia. 1NZ-FE ikiwa kwenye mizunguko 2,000 haiwezi kutoa zaidi ya kilowati 26 hivi usawa wa bahari, na 22 kwenye urefu wa Iringa, hata ukikanyaga mafuta mpaka chini. Mlima wetu wa asilimia 8 unataka 23. Dereva anayeng'ang'ania gia ya nne au ya tano hapo analilaumu gari bure. Akishuka gia mizunguko ikafika 4,000, injini ileile ina kilowati 50. Kwenye otomatiki bonyeza kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa) ili taa ya O/D OFF iwake, au weka 2 au S. Zima na AC, maana kompresha yake hula kilowati 3 au 4. Kama baada ya hapo gari linapanda vizuri, funga boneti uendelee na safari.

Mizunguko inapanda au haipandi?

Swali hili linagawa kazi nzima mara mbili, na jibu lipo kwenye dashibodi. Unapokanyaga mlimani, tazama sindano ya mizunguko na ya mwendo kwa pamoja.

Kama mizunguko inapanda lakini mwendo haufuati, injini ni nzima. Nguvu inapotea njiani kabla ya kufika kwenye matairi. Kwa gari la gia za mkono, hiyo ni klachi inayoteleza. Jaribu hivi: simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handibreki na ukanyage breki, weka gia ya nne, panda mizunguko 2,000, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima palepale, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, pleti imekwisha au ina oili. Usirudie mara nyingi, maana jaribio lenyewe linachoma klachi. Kwa otomatiki angalia kwanza kiwango na rangi ya oili ya giaboksi. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inamaanisha klachi za ndani zinateleza, na hapo kubadili oili peke yake si tiba.

Kama mizunguko haipandi, injini inaelemewa. Ama haipati kitu inachohitaji, ama kuna kitu kinaishika.

Vya bure, na havizidi nusu saa

Anza na kapeti. Kapeti mbili zilizopandiana chini ya pedali humfanya dereva adhani amekanyaga mpaka mwisho kumbe bado robo. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage mafuta mpaka chini huku wewe umeondoa mpira wa hewa na unatazama throto: kwa magari ya waya, kile kipande cha duara ndani lazima kifunguke mpaka kiwe sambamba na njia ya hewa. Kisipofika, waya umelegea. Kwa throto za umeme, soma asilimia kwenye mashine ya kupimia badala ya kutazama.

Toa filta ya hewa. Gari linalopita barabara za vumbi linaweza kuiziba kabla ya muda wa sevisi. Ukishuku, endesha kilomita moja bila filta kwenye lami safi, kisha uirudishe. Usifanye hivyo kwenye vumbi hata kwa dakika moja, kwa sababu mchanga unakwangua silinda.

Fungua mfuniko wa tangi mara tu gari linapoishiwa nguvu. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, kisha gari likarudi kawaida, tundu la kupumulia la tangi limeziba na pampu ilikuwa ikishindana na ombwe.

Mwisho ni breki. Endesha kilomita 5 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kaliperi au handibreki imebana. Matairi yenye upepo mdogo nayo yanakula nguvu, lakini si kiasi cha kulifanya gari ligome.

Soma injini ikiwa kazini

Kifaa kidogo cha OBD cha aina ya ELM327, kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, na programu ya simu vinatosha kwa gari nyingi za petroli kutoka Japani, hasa zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Mtu wa pili ashike simu. Dereva atazame barabara. Huhitaji mlima wenye malori. Barabara ndefu iliyo wazi inatosha: weka gia ya pili au ya tatu (otomatiki weka 2), anza mizunguko 2,000, kanyaga mpaka chini, acha ipande mpaka 5,000, achia. Rekodi namba nne: gramu za hewa kwa sekunde kutoka sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia), volti za sensa ya oksijeni ya mbele, marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta), na mizunguko.

Hesabu ya hewa ni hii. Injini ya lita 1.5 kwenye mizunguko 5,000 inavuta lita 62 za hewa kila sekunde kama ingejaa kabisa. Injini halisi inajaa kama asilimia 85, na kwa joto la Dar lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.16 hivi. Unapata gramu 60 kwa sekunde. Iringa utapata kama 52. Kwa injini ya lita 1.8 au 2.0, zidisha kwa uwiano huohuo.

Sasa soma majibu. MAF ikisema 60 lakini sensa ya oksijeni inabaki kwenye volti 0.1 au 0.2 wakati umekanyaga mwisho, hewa ipo na mafuta hayatoshi. Sensa ya kawaida ya oksijeni inapaswa kupita volti 0.8 hapo, zile za aina ya A/F (zinazopima uwiano wa hewa na mafuta) zina kipimo chao, usizilinganishe. MAF ikisema 35 au 40 na sensa iko sawa kwenye 0.8, injini haipumui: ama haivuti, ama haitoi moshi. MAF ikisema 35 na oksijeni iko chini, tena marekebisho ya muda mrefu yamepita asilimia +15 na msimbo P0171 (mafuta machache kuliko hewa) umetokea, sensa ya MAF yenyewe huenda ni chafu na inaidanganya kompyuta. Itoe, ipulizie dawa maalumu ya kusafishia MAF, iache ikauke kabisa. Usiiguse kwa kitambaa wala kidole. Ule waya ndani ni mwembamba mno. Na namba zote zikiwa nzuri huku gari linagugumia, tafuta moto wa plagi.

Mafuta hayatoshi

Dalili yake ni ya taratibu: gari linaanza mlima vizuri, katikati linaregea, ukiachia mafuta kidogo linapata nafuu. Kuna lile linaloharibika baada ya nusu saa ya joto, hasa tangi likiwa chini ya robo. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo mwenye mazoea ya kuendesha na taa ya mafuta imewaka anaiua polepole.

Kabla ya kufungua bomba lolote, toa fyuzi ya pampu injini ikiwa inawaka, iache izime yenyewe, ndipo presha itakuwa imetoka. Weka kizimamoto karibu. Funga geji ya presha kwenye laini ya mafuta. 1NZ-FE inatakiwa kusoma kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Halafu fanya kile ambacho gereji nyingi hazifanyi: pitisha hozi ya geji pembeni mwa boneti, ibane geji kwenye kioo cha mbele kwa waipa, hakikisha hakuna tone linalovuja, kisha endesha ukikanyaga. Presha ikianguka chini ya psi 40 wakati wa kukanyaga, umepata.

Bado usinunue pampu. Pima umeme kwenye plagi ya pampu injini ikiwa inawaka. Usipungue zaidi ya volti 1 chini ya ule wa betri. Rilei iliyoungua ndani au athi yenye kutu inaifanya pampu mpya iwe dhaifu kama ya zamani. Kisha angalia kichujio kidogo cha kitambaa kilicho chini ya pampu. Tangi lililokusanya uchafu linakifunika chote, na watu hubadili pampu wakakirudisha kilekile. Mwisho pima wingi: elekeza hozi kwenye chupa, washa pampu kwa sekunde 30. Nusu lita na zaidi ni sawa kwa injini ndogo.

Kuna petroli ya kuchakachua pia. Tanzania iliweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huu wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana okteni ndogo. Injini ikibebeshwa mzigo yanalipuka kabla ya wakati, unasikia kugonga kama njugu kwenye kopo, na kompyuta inarudisha nyuma muda wa moto ili kuokoa pistoni. Nguvu inaondoka hapo. Kama ugonjwa ulianza mara baada ya kujaza kituo fulani, mwaga tangi kwanza.

Moto unaokatika ukikanyaga

Hapa gari halilegei taratibu. Linatetemeka, linamisi (silinda inakosa kuwaka), linasukuma na kuacha. Jaribio la kutoa plagi, kuigusisha kwenye chuma na kutazama cheche linadanganya sana. Cheche kwenye hewa ya wazi ni rahisi. Ndani ya silinda iliyojaa hewa iliyobanwa, plagi inahitaji volti nyingi zaidi, na koili yenye ufa inaona njia rahisi ya kukimbilia ubavuni.

Kwa injini zenye koili moja kila plagi, soma msimbo. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Injini ikiwa imezimwa, hamisha koili ya silinda yenye kosa uiweke ya jirani, futa misimbo, endesha tena. Msimbo ukihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, hamisha plagi. Ukibaki tena, nenda kwenye nozeli ya petroli na kompresheni. Jaribio hili halina gharama yoyote, lakini bado koili nne zinanunuliwa kwa mpigo bila mtu kulifanya. Usichomoe koili injini ikiwa inawaka.

Plagi za iridiamu za 1NZ-FE zina pengo la milimita 1.1. Likifika 1.4 kwa kuchakaa, mlimani utalijua. Kwa magari ya zamani yenye waya za plagi, nyunyizia maji kidogo kwenye waya usiku, boneti likiwa wazi, injini ikiunguruma. Ukiona vicheche vya buluu vinaruka pembeni, badili seti nzima. Usiguse waya hizo wakati huo.

Masega yameziba

Hii ndiyo sababu inayosahaulika kuliko zote kwa magari yaliyotumika. Injini iliyokuwa ikimisi kwa miezi ilikuwa ikipeleka petroli mbichi kwenye ekzosi. Petroli ikawakia ndani ya masega, yaani katalitiki, yakayeyuka au kuvunjika. Inayokula oili nayo inayaziba polepole. Gari linawaka vizuri, silensa nzuri, linaondoka vizuri, kisha kadiri unavyokanyaga ndivyo linavyokaba, na haliwezi kuchanganya kupita kasi fulani. Wakati mwingine ekzosi chini ya gari inawaka wekundu gizani.

Toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Kwenye silensa isipite psi 1.5, na kwenye mizunguko 2,500 isipite 3. Ukiona 6 au 8, ekzosi imeziba. Kama huna geji hiyo, tumia ya ombwe kwenye inteki (njia ya hewa inayoingia injini): usawa wa bahari injini nzima inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye silensa, pungufu ya inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Shikilia mizunguko 2,500. Sindano ikianza vizuri kisha ikashuka pole pole ndani ya dakika moja, moshi hautoki. Asiye na geji yoyote alegeze flenji iliyo mbele ya masega na kuendesha mwendo mfupi. Kelele itakuwa kubwa. Gari likivuta ghafla, jibu umepata. Vioo viwe wazi, na usiende mbali, maana moshi wa moto unatoka karibu na nyaya.

Desturi ya kuyavunja masega na kubakiza kopo tupu inarudisha nguvu, lakini taa ya injini itawaka kwa msimbo P0420 (katalitiki haifanyi kazi), na ukiacha vipande ndani vitakwenda kuziba mafla. Kubwa zaidi: kama hukutibu kumisi au oili iliyoyaua, masega mapya yatafuata njia ileile.

Injini yenyewe

Ukifika hapa bila jibu, pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa, betri imejaa. 1NZ-FE ikiwa mpya husoma psi 213 hivi. Chini ya 156 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Silinda iliyo chini itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi. Kama zote ziko chini kwa usawa, shuku belti au cheni ya taiming iliyoruka jino kabla ya kulaumu ringi. Kwenye injini za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu), safisha pia kichujio kidogo cha valvu ya oili ya VVT. Kikiziba, injini inakosa nguvu za chini na kati.

Sindano ya joto ikipanda pamoja na nguvu kupungua, simama. Hapo usipime kitu kingine mpaka maji na feni viwe sawa.

Dizeli: tazama moshi

Kwa dizeli kazi ni fupi zaidi, kwa sababu ekzosi inasema. Moshi mweusi mzito mlimani maana yake mafuta yapo na hewa haitoshi: filta ya hewa, mpira wa tabo uliopasuka, au EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini) iliyokwama wazi. Hakuna moshi na hakuna nguvu: mafuta hayafiki. Fungua koki ya chini ya filta, mwaga maji mpaka dizeli safi itoke, kisha badili filta yenyewe kabla ya kugusa pampu. Kwenye Hiace za 3L na 5L na kwenye Canter, weka kipande cha hozi ya plastiki inayoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita ukikanyaga, kuna sehemu inavuta hewa, mara nyingi kwenye klipu au kwenye pampu ya mkono juu ya filta.

Kwa zenye tabo, pitisha mkono kwenye mipira yote kutoka tabo hadi intakula (kipoza hewa) injini ikiwa ya baridi. Palipolowa oili ndipo panapovuja. Ufa mdogo hujifunga injini ikiwa imetulia na kufunguka presha ikipanda, kwa hiyo mpira ulioonekana mzima kwa macho bado unaweza kuwa ndio mbovu. Ufunge kwa mpira wa tyubu na klipu mbili, rudi mlimani. Nguvu zikirudi, nunua mpira.

Na kwa Hilux na wenzake wa komon reli (dizeli zenye reli moja ya mafuta ya presha kubwa inayodhibitiwa na kompyuta): kama gari linakufa nguvu ghafla, haliendi zaidi ya mizunguko fulani, kisha ukizima na kuwasha linarudi kama kawaida, hiyo ni kompyuta imejilinda. Soma msimbo kabla ya kuchomoa betri au kufuta chochote. P0299 (presha ya tabo haitoshi) inakupeleka kwenye tabo na mipira yake. P0087 (presha ya mafuta kwenye reli iko chini) inakupeleka kwenye filta, kisha valvu ya kudhibiti mafuta iliyo kwenye pampu kubwa, na nozeli mwisho kabisa, kwa sababu ndizo ghali na ndizo zinazosingiziwa zaidi.